Swali la Tatu la Msikizi

1

Kwa mara ya sita asubuhi ile ukuta ulimuuliza Bi. Mwanamkasi swali lilelile, na kwa mara ya sita yeye akaifunga upya kanga yake kiunoni, kana kwamba jibu lilikuwa limelegea hapo.

"Mama mlezi," ukuta ulisema, "nini kinaweza kuharibika?"

"Mambo ya Mungu hayo."

"Hilo nimelisikia. Bado hujaelewa."

Sauti haikuwa na ukali. Ilikuwa ya mwanamke wa makamo, mpole, kama mwalimu wa darasa la tatu anayekuambia urudie kusoma kuanzia juu, na upole huo ulimchoma bibi wa watu kuliko tusi. Chombo chenyewe kiliitwa Msikizi. Hakikuwa na kichwa wala macho. Kilikuwa matundu madogomadogo ukutani, mengi kama ya chekecheke, pamoja na kikuku cha mpira alichovishwa mlezi mkono wa kushoto, kinachosikiliza mapigo ya damu na jasho la kiganja. Kando ya matundu palikuwa na mlango wa chuma wenye rangi ya jani la mgomba. Nyuma yake kulikuwa na meza, taa kubwa, na mikono miwili ya chuma ambayo daktari aliyekaa mji wa mbali aliiendesha kama anavyoendesha yake mwenyewe. Mlango haukuwa na kitasa. Msikizi pekee ndiye aliyeufungua, na aliufungua pale tu alipoamini kwamba mlezi wa mgonjwa ameelewa.

Mgonjwa alikuwa Siwema, mjukuu wake, miaka tisa. Alilala kwenye kitanda cha magurudumu, ubavu wa kulia chini, magoti kayakunja mpaka karibu na kidevu, mkono kaubana ubavu wa kushoto kama mtu aliyeficha embe. Midomo ilimpauka. Nywele alizosukwa Ijumaa zililowa jasho mpaka mistari ya kichwa ikang'aa. Kwenye ukingo wa kitanda namba ndogo ya homa ilikuwa imeandikwa kwa mwanga: thelathini na tisa na nukta nne. Walipoingia ilikuwa thelathini na tisa kamili.

"Mke mwenzangu," bibi alimwita, "umelala?"

"Sijalala." Mtoto hakufumbua macho. "Nasikia unavyofeli mtihani."

Hivyo ndivyo walivyoishi hawa wawili, kwa utani wa bibi na mjukuu, kila mmoja akimwita mwenzake mke mwenza, wakimgombania marehemu babu ambaye Siwema hakuwahi kumwona hata siku moja. Siku nyingine bibi angejibu kwamba babu alimpenda yeye kwa sababu ana meno yote. Leo alimfuta tu jasho kwa pindo la kanga, akaangalia namba ya kitanda. Nukta tano.

2

Ugonjwa wenyewe ulianza masika yaliyopita, huko kwao milima ya Nguu, na bibi aliukosea tangu mwanzo.

Siwema alikuwa akilalamika ubavu. Akitoka kucheza juani, akinywa maji mengi kwa pupa, baada ya kitambo anajikunja mlangoni na kutapika. Halafu anakojoa, analala, anaamka mzima anadai uji. Bibi akasema ni chango. Nani asiyeijua chango? Akachimba mizizi, akaichemsha, akamnywesha mtoto kibuyu kizima asubuhi na kibuyu kizima jioni. "Kunywa," alimwambia, "chango haipendi maji." Mtoto akanywa kwa utiifu, akajikunja, akatapika, na bibi akaona dawa inapigana na ugonjwa. Miezi mitano walikwenda hivyo. Siku homa ilipopanda mpaka mtoto akaanza kuzungumza na kuku waliokwisha kuchinjwa, ndipo alipomfunga mgongoni akashuka naye mpaka Kituo cha Kwamsanja.

Daktari alizungumza nao kupitia kioo, akaonyesha picha ya ndani ya mwili wa Siwema. Mafigo mawili. La kulia dogo, la kupendeza, kama haragwe. La kushoto limetuna mithili ya boga changa, na ndani yake kweupe, maji matupu.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya Msikizi. Aliuliza maswali manne, hayo ndiyo ya Sheria, na la kwanza lilikuwa: nini kimetokea?

Bi. Mwanamkasi alisoma mpaka darasa la saba, basi. Lakini miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza nyavu za ukungu. Kwao mvua zilishakuwa hadithi, kwa hiyo watu hutandaza nyavu juu ya vilima, ukungu wa alfajiri unanasa humo, unageuka matone, na vijiji vinakunywa. Basi aliitazama ile picha ya figo, akaitazama tena, akasema:

"Lakini huu si wavu? Damu inapita hapa kama ukungu, wavu unakamata maji na taka zake. Yanadondoka kwenye mfereji, yanaingia kwenye faneli hii, yanashuka na bomba mpaka kwenye pipa, na pipa ndiyo kibofu. Sasa huyu wangu, shingo ya faneli ya kushoto kazaliwa nayo nyembamba. Yanakuja ya debe, yanatoka ya kikombe. Yanayobaki yanaitanua faneli, nayo inausukuma wavu kwa ndani mpaka unakuwa kama ganda la kitunguu. Nami nikamzidishia maji kwa vibuyu." Akamtazama mtoto. "Na maji yaliyosimama huoza. Yameoza. Ndiyo homa hii."

"Umeelewa la kwanza," Msikizi alisema papo hapo.

La pili, kitafanyika nini, nalo halikumsumbua. Watamtoboa mgongoni, chini ya mbavu, kwa sindano yenye tundu, waingize mpira mwembamba mpaka kwenye faneli, yale mabovu yatoke nje kwenye mfuko. Akishapata nguvu, baada ya majuma kadhaa, wataikata shingo nyembamba na kuunga upya, kama fundi anavyokata bomba lililobonyea.

"Umeelewa la pili."

Wakafika la tatu, na hapo ndipo walipokwama tangu saa mbili hadi saa nne.

Si kwamba hakulijua. Daktari alimwambia yote, taratibu, bila kumficha. Sindano inaweza kukata mshipa, damu ikavuja ndani. Maji mabovu, yakitikiswa, yanaweza kuingia kwenye damu kwa mkupuo na moyo ukashindwa. Wanaweza kukuta figo limekwisha kufa. Na mtoto, aliyekwisha dhoofika hivi, anaweza kufia mle mezani. Bibi alisikia kila neno. Alipoulizwa mara ya kwanza aliyarudisha vilevile, mfululizo, kama watoto wanavyoimba kuzidisha kwa saba.

"Hayo ni maneno ya daktari," Msikizi alimwambia. "Yamepita mdomoni mwako, hayakukaa. Sema yako. Sema mtoto asikie, maana mwili ni wake."

Akajaribu yake. Alisema mtoto anaweza kuchoka. Akasema anaweza kuteleza. Akasema safari zina mambo yake. Kila mara kikuku kilimbana kidogo, kikasikiliza, kikalegea, na sauti ya mwalimu ikamwambia bado.

3

"Mtumwa wangu," alisema Nesi Nyamizi akiingia na beseni la maji baridi na vitambaa, "bado umekaa hapo? Wazigua mnaongea mchana kutwa kwenye magulio, leo neno moja limekushinda."

Nesi huyu alikuwa Mnyamwezi, mnene, mwenye mwendo wa haraka, na tangu aliposikia bibi anatoka wapi hakumwacha. Watani hao, tangu enzi za wabeba mizigo.

"Niache, Mnyamwezi wewe. Babu zako walipita kwetu wanaomba maji."

"Na mlikuwa hamna." Alikuwa akimlaza mtoto vizuri huku akisema, vitambaa viwili kwapani, kimoja kwenye paji. Aliitazama namba ya kitanda, na utani ukamwisha usoni kama taa iliyopulizwa. Nukta nane. Akamvuta bibi pembeni, hatua tatu, kikuku kikiwa bado mkononi.

"Sikiliza, mama. Daktari kasema kabla ya adhuhuri. Kasema hivyo homa ikiwa thelathini na tisa kamili. Kuna nini kwenye swali hili? Naona la kwanza umelijibu kuliko mimi."

"Kwetu mtoto hatajiwi."

"Hatajiwi nini?"

Bibi akatazama sakafu. Nesi akaelewa, akashusha pumzi.

"Kifo," akasema. "Haya, mimi mtani wako, kazi yangu ni hiyo. Mkifiwa mimi ndiye ninayekuja kucheka matangani na kula mbuzi wenu. Ngoja." Akaugeukia ukuta. "Msikizi, mtoto anaweza kufa. Mtani wa ukoo nimesema kwa niaba yao. Fungua."

"Nesi, wewe si mlezi wake," ukuta ulijibu.

"Ila mila zao zinaniruhusu."

"Sheria haikuruhusu. Samahani."

Nesi Nyamizi akapiga ukuta kofi moja, kama anayeua mbu, akarudi.

Sasa, mtu anaweza kuuliza, sheria gani hii inayomwacha mtoto aungue huku mlango uko mita mbili? Lakini Bi. Mwanamkasi hakuweza kuilaani, maana yeye ni mmoja wa walioidai. Miaka thelathini nyuma palikuwa na ule mwaka wanaouita Mwaka wa Vidole. Kampuni moja ilipita vijijini na wadudu wa chuma wadogo kuliko chawa, ikiwatia watu mwilini, ikisema watatibu sukari na presha. Karatasi zilikuwa ndefu, watu wakapiga dole gumba. Mumewe, Kibwana, alipiga dole akicheka, akajifuta wino kwenye suruali. Wale wadudu walipoanza kula mafigo ya watu, kampuni ikaonyesha karatasi: kidole chako si hiki? Bibi alizika mume mwezi wa Rajabu, na mwezi wa Shaabani alikuwa barabarani na maelfu ya wajane, miguu mitupu, wakiimba kwamba kidole hakisemi. Walitaka mtu asiguswe mwili mpaka aseme kwa kinywa chake alichokielewa. Wakapewa. Siku Msikizi wa kwanza alipowekwa, alikuwa miongoni mwa wanawake waliopiga vigelegele.

"Kuna njia nyingine," Nesi Nyamizi alisema kwa sauti ya chini sana. "Siipendi, na nikikuambia utanichukia. Mtoto asiye na mlezi, Sheria haimsubirishi. Angeokotwa njiani huyu, mlango ungekuwa wazi tangu saa mbili."

"Ana mlezi. Mimi hapa."

"Ndiyo. Na ukimkana, hana."

Bibi alimwangalia nesi kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Unamwambia Msikizi kwamba mtoto si wako na humtaki. Mara moja tu. Anakuwa wa Serikali, mlango unafunguka, anatibiwa. Lakini akipona anapelekwa kwenye mabweni ya mjini, anapewa jina lingine. Humwoni tena. Hawarudishi, mama. Waliweka hivyo ili watu wasiitumie kama mchezo."

"Na atapona?"

"Atapata nafasi ileile atakayoipata ukijibu swali. Hakuna zaidi."

Bibi akarudi kitini, akakaa, mikono kaiweka mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa. Na hapo, jamani, ndipo lilipomjia lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata binti yake marehemu, mama yake Siwema.

Siwema hakuwa wa kwanza. Kabla yake binti yake alizaa mvulana, Mhina, mtoto mwembamba wa kifua. Siku moja ya kiangazi, jirani alimuuliza bibi, mtoto anaendeleaje, na yeye, kwa uchovu tu, kwa kuwa alikesha siku tatu, akajibu mlangoni, mbele ya mtoto mwenyewe: "Huyu hatafika masika." Mtoto alimtazama. Alikuwa na miaka minne, anasikia kila kitu. Siku ya tatu yake akafa. Aliyefuata kuzaliwa bibi mwenyewe ndiye aliyempa jina, Siwema, ili mauti yakipita yamdharau, yaone huyu si chema cha kuchukuliwa. Na tangu siku ile ulimi wake juu ya mtoto huyo aliulinda kama moto kwenye nyumba ya makuti. Hakusema amekonda. Hakusema amenenepa. Mtoto akipiga chafya, aliongelea hali ya hewa.

Sasa ukuta unamtaka aseme. Mtoto asikie.

Akawaza: nikimkana, nampoteza mimi tu. Nikisema, huenda nikampoteza kabisa, na nitakuwa nimemwua wa pili kwa mdomo uleule. Kwa hesabu ya moyo wake jambo lilikuwa jepesi. Aishi kwa jina lingine, amwite mwingine bibi, amchukie hata, lakini aishi.

Akasimama.

4

"Msikizi," alisema. "Ukitaka kumkana mtoto unasemaje?"

Nesi Nyamizi akageuza uso.

"Unasogea karibu naye," ukuta ulisema, "unamtaja jina, unasema: si wangu, simtaki. Yeye asikie. Mama mlezi, ukishasema sitaweza kulifuta. Nimefundishwa kukuambia hivyo mara mbili. Ukishasema sitaweza kulifuta."

Akasogea. Kitanda kilikuwa cha moto hata kwenye chuma chake. Namba ilikuwa imefika arobaini kamili. Alimshika mtoto mguu, maana mkononi hakuweza, akiushika mkono hatasema. Ulikuwa mguu mkavu, wenye vumbi la Nguu bado kwenye kisigino, na kovu la jembe.

"Siwema."

Mtoto akafumbua macho. Yalikuwa mekundu na yalimchukua muda kumpata.

"Bibi. Mimi nitakufa?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna." Akalamba midomo. "Kila mtu anasema vingine vyote. Hilo tu hamsemi. Ndiyo nikajua."

Bibi alifungua mdomo kusema yale maneno matatu ya kumkana, na hayakutoka, kwa sababu moja tu. Aliyaona macho yale. Yalikuwa macho ya mtoto aliyekaa peke yake na jambo kubwa siku nyingi, usiku na mchana, akijibu utani wa bibi yake ili bibi asijue kwamba anajua. Miezi mitano mtoto huyu alikuwa akimtunza yeye. Na sasa bibi anataka kumwambia simtaki, halafu aingizwe mle ndani na jambo lilelile, peke yake, bila hata mtu wa kumchukia vizuri.

Mtu asifikiri imani ilimtoka. Haikumtoka. Aliamini saa ile kama alivyoamini jana, kwamba neno ni mlango na mauti yana masikio. Akauacha mguu, akasogea upande wa kichwa, akaushika mkono, ule uliobana ubavu, akaweka wake juu yake.

"Ndiyo," alisema. "Unaweza kufa, Siwema. Wakikutoboa, damu inaweza kuvujia ndani, ukafa. Maji mabovu yanaweza kuruka kwenye moyo, ukafa palepale mezani na mimi niko nje sijui. Au wakakuta figo limeoza, walitoe, ubaki na moja maisha yako yote. Hayo yote wameniambia na nimeyaelewa tangu asubuhi. Niliogopa kuyasema. Niliwahi kusema ya kaka yako Mhina, akafa, nikaona nimemwua mimi."

Siwema aliutazama ule mlango wa kijani.

"Na nisipoingia?"

Hilo lilikuwa swali la nne la Sheria, na mtoto ndiye aliyeliuliza.

"Usipoingia utakufa kwa hakika," bibi akasema. "Leo au kesho."

Kikuku kikambana, kikakaa kimebana kwa muda mrefu kuliko mara zote. Kisha kikalegea.

"Umeelewa la tatu," ukuta ulisema. "Umeelewa la nne. Mama mlezi, unakubali?"

Asubuhi nzima alipigania kuufikia mlango, kumbe nyuma ya maswali yote manne lilikuwepo hili, dogo, ambalo hakuna atakayemsaidia. Siku ya Kibwana hakuna aliyeliuliza. Mtu akiisha kuelewa hawezi tena kusema ni kalamu, ni daktari, ni kampuni. Ni yeye. Hicho ndicho walichokidai barabarani wakiwa na miguu mitupu, na hakujua kwamba kina uzito huu.

"Nakubali."

"Siwema Kibwana, miaka tisa. Umesikia aliyosema mlezi wako. Unakubali?"

"Bibi, ungekuwa mimi ungeingia?"

"Ningeingia. Ningekuwa naogopa, na ningeingia."

"Basi haya," mtoto akauambia ukuta. "Lakini mnifunike miguu, kuna baridi."

Mlango wa kijani ukafunguka bila sauti. Nesi Nyamizi alikuwa amekwisha kukamata kitanda.

5

Saa saba kasorobo bado alikuwa kwenye kiti kile cha plastiki. Adhana ilikuwa imeadhiniwa, akasali palepale amekaa, akakosea rakaa, akarudia, akakosea tena. Upande wa pili wa mlango hakusikia kitu. Alitamani hata kelele. Mara mbili alimuuliza Msikizi habari, mara mbili akaambiwa kazi inaendelea. Mara ya tatu akamuuliza jambo jingine.

"Wewe umesikiliza watu wengi. Mtu akitaja kifo cha mtoto, kinakuja?"

"Sijui, mama mlezi. Nilifundishwa kujua kama mtu ameelewa. Hilo sikufundishwa."

Jibu hilo lilimkera, halafu akaona afadhali. Mwingine angemwambia hapana haraka-haraka, kama anayefukuza kuku.

Mlango ulipofunguka alitoka Nesi Nyamizi peke yake. Alivaa aproni ya plastiki, na mikononi alibeba mfuko wenye mpira uliofungwa fundo mwishoni. Bibi alisimama.

"Nimekuletea uone," nesi alisema. "Ndiyo sheria yenu. Kilichotoka mwilini, mlezi akione kabla hakijatupwa."

Ulikuwa mfuko wa karibu nusu lita. Ndani yake maji ya rangi ya maziwa yaliyochacha, yenye nyuzinyuzi za damu zinazoelea polepole. Bi. Mwanamkasi akaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto. Joto la mwili wa mtoto wake lilikuwa bado humo.

"Yameruka yenyewe sindano ilipogusa," nesi akasema. "Yalikuwa yanasubiri kutoka."

"Ameamka?"

"Bado."

"Figo?"

"Daktari kasema limebaki kama ganda, lakini linadondosha. Matone. Hajui kama litapona." Nesi alivua kofia yake, nywele zilikuwa zimelowa. "Moyo ulisimama, mama. Wakati yanatoka. Muda wa kuhesabu mpaka ishirini na tano. Niliuona mimi. Kisha ukarudi."

Bibi hakuuliza ulisimama saa ngapi, kabla ya adhana au baada. Alijua kwamba usiku ule na usiku mwingi mbele yake atakaa akiwaza nani aliusimamisha. Hakuna wa kumwambia.

"Na sasa?"

"Sasa unapiga, lakini vibaya. Homa iko palepale. Ndiyo hivyo." Nesi Nyamizi alitafuta neno la utani, ilionekana usoni mwake akilitafuta, akaliacha. Akauchukua mfuko kutoka mikononi mwa bibi, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala, akarudi ndani.

Kikuku kikambana.

"Mama mlezi," Msikizi alisema, "Sheria inataka niulize na baada ya tiba. Kwa maneno yako, hali ya mtoto ikoje?"

Miaka yote tisa angejibu, hajambo. Au, tunamshukuru Mungu. Jirani akikuuliza njiani ndivyo unavyojibu, na mtu anapita, na mtoto anabaki salama nyuma ya jibu.

"Yuko hai," alisema. "Moyo wake ulisimama ukarudi. Hajaamka. Anaweza kufa kabla jua halijatua, na anaweza kuamka anadai uji. Sijui ni lipi. Nimeelewa kwamba sijui."

"Umeelewa," ukuta ulisema, na mlango ukafunguka, ili mlezi apite akakae naye.